Printa imekula rangi: soma karatasi kabla hujabonyeza kusafisha

Maalim mmoja wa skuli ya msingi aliingia dukani kwangu Chake Chake na bendera ya Zanzibar kwenye flashi. Aliitaka kwenye karatasi nzito ya kubandika darasani. Nikaituma, ikatoka, nikamkabidhi bila kuitazama. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hii ya nchi gani?"

Buluu juu, nyeusi kati, na chini, pale penye kijani, buluu nyengine iliyopauka. Ile bendera ndogo ya Muungano pembeni ilikuwa na michirizi myeupe mahali pa manjano.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho wanachofanya wengi: nilibonyeza kusafisha hedi, kile kichwa kinachorusha wino kwenye karatasi, nikatoa bendera, nikasafisha tena, nikatoa tena. Mara saba. Wino wa zile rangi tatu nzima ukateremka kwenye matangi huku nautazama, na manjano haikurudi. Maalim alishakwenda kuswali adhuhuri na kurudi. Ndipo nikachapa jaribio la nozeli, kitu nilichotakiwa kukifanya mwanzo, nikaona sehemu ya manjano tupu kabisa, hakuna hata mstari mmoja. Tangi lilikuwa limejaa. Lakini siku mbili nyuma lilikuwa limekauka hadi chini, msaidizi wangu akalijaza asubuhi ile, na mpira unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye hedi ulikuwa na hewa tupu ndani. Mimi niliona tangi limejaa nikaridhika.

Tangu siku hiyo sigusi printa mpaka karatasi iniambie. Hapa nitaeleza zaidi printa za matangi, Epson za L na Canon za G, kwa sababu ndizo zilizojaa kwenye steshenari zetu, na kidogo HP za katriji ambazo watu wanazo majumbani.

Hakikisha kwanza kosa ni la printa

Karatasi ikitoka nyeusi na nyeupe wakati ulitaka rangi, fungua mipangilio ya kuchapa kwenye kompyuta utazame kama pana alama ya tiki kwenye "Grayscale". Nimewahi kuletewa printa kutoka Kengeja, imefungwa kwenye shuka nyuma ya boda, na dawa yake ilikuwa kuondoa tiki hiyo moja. Ikitoka imepauka rangi zote kwa pamoja, tazama kama imewekwa kwenye "Draft", hali ya kubana wino. Na picha iliyotoka kwenye WhatsApp imeshabanwa na kupunguzwa. Ukiikuza ijae A4 itatoka na ukungu hata kwenye printa mpya.

Kama unatoa kopi na unaona mstari mmoja mrefu, mahali pale pale kila karatasi, jaribu kuchapa kitu kutoka kwenye kompyuta. Mstari ukipotea, hedi haina kosa. Kioo cha skana ndicho kichafu. Kifute kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo, umalize.

Jaribio la nozeli, na namna ya kulisoma

Nozeli ni vile vitundu vya hedi vinavyorusha wino, vyembamba kuliko unywele. Jaribio lake linachora ngazi ya vistari vidogo kwa kila rangi, na kila kistari kinatolewa na kitundu chake. Kwenye Epson L3110 huhitaji kompyuta: zima printa, shika kitufe cha kusitisha (chenye pembetatu ndani ya duara), na huku umekishika washa umeme. Taa ikianza kumetameta, achia. Kwa printa nyengine pitia kwenye kompyuta: mipangilio ya printa, ukurasa wa "Maintenance", kisha "Nozzle Check".

Isogeze karatasi mlangoni kwenye mwanga wa jua. Nyeusi, buluu ya maji na waridi iliyokoza, ambazo mafundi wanaziita sayani na majenta, utaziona bila taabu. Manjano ndiyo inayodanganya. Juu ya karatasi nyeupe jicho linaipita. Mimi huenda kwenye kona yenye giza, nikafungua picha ya buluu tupu kwenye simu, mwanga hadi mwisho, nikaimulika karatasi. Chini ya mwanga wa buluu, manjano inaonekana kama nyeusi na kila pengo linajitokeza.

Sasa soma. Vistari viwili vitatu vimekosekana, na ukichapa tena vinakosekana pale pale: wino umekauka kwenye vitundu hivyo. Vistari vinakosekana lakini kila mara mahali tofauti: kuna mapovu ya hewa, na kusafisha zaidi kunaweza kuongeza hewa badala ya kuitoa. Rangi nzima haipo: angalia tangi, angalia mpira, na kwenye baadhi ya Epson za L za zamani angalia ile valvu ya kusafirishia ubavuni, huenda mtu ameifunga na kuisahau. Rangi ipo lakini imechanganyika na nyengine: kuna wino umevuja kwenye uso wa hedi, au mtu amejaza tangi silo. Vistari vyote vimetimia: achana na hedi kabisa, ruka uende sehemu ya mistari na ukungu.

Kama huwezi kuchapa jaribio, picha yenyewe inasema. Kijani ni sayani na manjano, kwa hiyo kijani kikigeuka buluu, manjano imekufa. Kikigeuka manjano, sayani imekufa. Zambarau ikitoka waridi, sayani. Uso wa mtu ukiwa wa kijani kama mgonjwa, majenta. Ukiwa mwekundu kama aliyetoka juani, sayani. Ukielekea zambarau, manjano. Kwa njia hii bendera yetu haifai kuwa kipimo peke yake. Haina nyekundu, basi majenta inaweza kufa wiki nzima usijue. Piga picha leso yenye nyekundu na kijani, ichape hiyo.

Kusafisha, na kusubiri

Kusafisha maana yake printa inauvuta wino kwa nguvu kupitia vitundu na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini. Wino huo haurudi. Sponji nayo ina kikomo: printa inahesabu, na hesabu ikifika mwisho inagoma, taa zinametameta na hakuna kinachotoka. Wapo wanaofuta hesabu hiyo kwa programu bila kubadilisha sponji. Printa inafanya kazi, ndiyo, mpaka siku unayokuta wino umetambaa mezani na kushuka kwenye zulia.

Kwa hiyo fanya kwa utaratibu huu. Safisha mara moja. Kwenye L3110 unashika kitufe cha kusitisha sekunde 5 mpaka taa ianze kumetameta. Usizime wala usifungue mfuniko mpaka taa itulie. Chapa jaribio. Likiwa bora kuliko la mwanzo, hata kidogo, safisha tena na uchape tena. Ukifika mara 3 bado kuna mapengo, acha. Zima kwa kitufe, iache masaa 12 bila kuigusa, yaani usiku mzima, kisha rudia.

Hapo kwenye kusubiri ndipo watu wanapokosa subira, na mimi nilikuwa wa kwanza. Lakini usiku huo una kazi: mapovu yanapanda na kutoka njiani, na wino mbichi unalainisha uliokauka. Nimeona hedi iliyonigomea jioni ikatoa vistari vyote asubuhi bila hata kusafishwa.

Isipokubali, kwenye Epson iko "Power Cleaning", ambayo inabadilisha wino wote ulio ndani ya mipira. Hii ndiyo dawa ya hewa kama ile ya manjano yangu. Ila kila tangi liwe na wino angalau theluthi moja kabla ya kuianza. Likiwa chini ya hapo unavuta hewa nyengine na unaweza kuiumiza printa. Baada yake, kama bado, subiri tena masaa 12 kabla ya kuirudia. Siipendekezi kwa pengo la vistari viwili. Inakunywa wino mwingi, na huku Pemba chupa ikikosekana dukani unasubiri meli.

Canon za G zina usafishaji wa kawaida na wa kina. Ukifanya wa kina ukashindwa, zima printa, usiichomoe, subiri masaa 24, ujaribu mara moja tena. Canon na HP zinarusha wino kwa kuuchemsha: kijoto ndani ya kitundu kinafanya povu, povu linasukuma tone. Wino ndio unaokipoza hicho kijoto. Kwa hiyo usiendelee kuchapa wakati rangi moja imekwisha, unachoma hedi. Epson inasukuma kwa kijiwe kinachojipinda kikipata umeme, hakuna moto, lakini hedi yake ni sehemu ya mashine na kuibadilisha ni gharama kubwa.

HP nyingi za nyumbani zina hedi kwenye katriji yenyewe, na hiyo ni raha ya fundi. Itoe. Ikiwa mpya, tazama kama ule utepe wa plastiki umeondolewa. Kunja karatasi ya jikoni, ilowanishe kwa maji vuguvugu yaliyosafishwa (yale ya kuongeza kwenye betri, si tindikali), ikalishe katriji juu yake, vitundu chini, dakika moja au mbili. Ukiinua utaona madoa matatu ya rangi: sayani, majenta, manjano. Doa lisilokuwepo ndilo tatizo lako. Futa shaba zake, zile zinazogusana na printa, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, usiziguse kwa vidole, uirudishe kabla ya nusu saa. Kama uliijaza kwa bomba la sindano na sasa rangi zinachanganyika, umeijaza kupita kiasi. Iache juu ya karatasi ijipunguze.

Kuosha kwa mkono

Fika hapa tu kama yote ya juu yameshindikana. Tafuta maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za gari. Soma chupa vizuri: unataka maji, si tindikali. Maji ya kisima yetu yana chumvi na chokaa, yakikauka yanaacha mawe ndani ya vitundu. Spiriti na pafyumu ziweke mbali.

Kwenye Epson, anza na kifuniko cha hedi, kile kikombe cha mpira upande wa kulia ambamo hedi hulala. Mara nyingi kosa liko hapo na mtu anailaumu hedi. Kingo zake zikiwa na wino uliokauka, hakizibi vizuri. Printa inavuta hewa badala ya wino, na usiku hedi inakauka. Washa printa, hedi ikianza kutembea chomoa umeme, kisha isukume taratibu kushoto. Futa kingo za kikombe kwa kijiti cha pamba kilicholowa, futa na ule mpira mdogo wa kufutia uliosimama kando yake, dondosha matone machache ya maji kwenye sponji ya kikombe.

Halafu kunja karatasi ya jikoni iwe utepe, ilowanishe isidondoke, itandaze kwenye njia ya hedi, uirudishe hedi juu yake. Iache masaa kadhaa. Ondoa karatasi, irudishe hedi mahali pake, chomeka, safisha mara moja, chapa jaribio. Wako mafundi wanaosukuma maji kwa bomba la sindano moja kwa moja kwenye hedi. Mkono ukizidi kidogo unapasua ndani, na tone likifika kwenye ule waya bapa, ubao wa umeme unakwenda nao. Kwa hedi isiyo yangu sifanyi.

Nozeli nzima, lakini kazi ina mistari au ukungu

Mistari ya kulala inayojirudia kila baada ya sentimita 2.5 hivi, au maandishi yanayoonekana kama yana kivuli: panga hedi upya, "Print Head Alignment", na hakikisha aina ya karatasi uliyochagua kwenye kompyuta ndiyo iliyo kwenye printa. Ukichagua karatasi ya kawaida ukaweka ya picha, rangi zitakuwa chafu na nyeusi itapakaza.

Kama upangaji haukusaidia, fungua mfuniko utafute utepe wa plastiki unaong'aa uliopita nyuma ya hedi kutoka upande hadi upande. Una alama ndogo mno ambazo hedi inazisoma ijue iko wapi. Doa la wino au mafuta likikaa hapo, hedi inapotea njia. Upitishie kitambaa kilicholowa kidogo sana, bila kuuvuta. Ukichomoka mahali pake utatafuta fundi.

Karatasi na hewa ya kwetu

Masika, Machi hadi Mei, robo ya malalamiko ninayoletewa si ya printa wala wino. Ni karatasi iliyokunywa unyevu: inajikunja, wino unatambaa kingoni mwa herufi. Rimu iliyofunguliwa haikai wazi mezani. Mimi naziweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya chembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Trei haibaki na karatasi usiku. Karatasi ya picha ina uso na mgongo. Ukichapa mgongoni wino unasimama kama maji kwenye jani la mgomba.

Wino nao si mmoja. Mweusi wa Canon nyingi za G una chembechembe na unahimili maji. Rangi zake, na wino wote wa Epson wa namba 664 na 103, umeyeyushwa na hulia ukiguswa na maji. Mtu anayesafiri na cheti kwenye boti mwambie akitie kwenye plastiki, lakini kikauke kwanza. Kadi ya harusi ikiingia kwenye laminesheni bado mbichi, inatoka na ukungu ndani, na mama wa bibi harusi hatakuelewa.

Usimimine wino wa namba moja kwenye tangi la namba nyengine kwa kuwa rangi zinafanana. Na ukikosea, ukatia majenta kwenye manjano, usiwashe printa. Uvute wote kwa bomba la sindano, suuza tangi kwa maji yaliyosafishwa, ujaze upya. Ukishachapa hata karatasi moja, umeupeleka njiani.

Umeme

Printa ikizimwa kwa kitufe inairudisha hedi kwenye kikombe chake na kuiziba. Ikizimwa kwenye soketi, hedi inaweza kubaki wazi katikati, na joto la kaskazi halingoji. Kwa hiyo kitufe kwanza, taa izimike, ndipo soketi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi tu iwashe, iache ijipange, kisha izime sawasawa hata kama umeshafunga duka.

Wenye printa wakati Unguja ilipokaa gizani kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 walijifunza kwa nguvu kuwa printa isiyofanya kazi huharibika kuliko inayofanya. Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote nne kila wiki. Kabla ya siku nne za sikukuu, chapa ukiwa unafunga.

Ikibidi kuipandisha meli

Si kila kosa linatengenezeka Pemba, na printa nyingi zinasafiri kutoka Mkoani au Wete kwenda Unguja kwa fundi, zikarudi na ugonjwa mwengine. Zima kwa kitufe, hakikisha hedi imelala kuliani. Funga vifuniko vya matangi kwa nguvu. Yenye valvu ya kusafirishia, ifunge. Ingiza printa kwenye mfuko, kisha boksi, chora mshale mkubwa wa juu, na umwambie mpagazi kwa mdomo pia, maana mshale hausomwi. Isilazwe ubavu wala isiwekwe kichwani imeinama. Ikilazwa, wino unavuja, hewa inaingia mipirani, na utakuwa umelipa nauli kwa kosa jipya.

Ikifika, fungua valvu, iweke mahali palipo sawa, iache itulie masaa machache. Chapa jaribio la nozeli, uandike tarehe pembeni, uliweke. Hilo ndilo la kumwonesha fundi kabla hajafungua hata skrubu moja.